Australia: Ukikwama peke yako jangwani, usiache gari lako

Kila mtu aliyepita barabara ya Bukavu kwenda Shabunda, ao ile ya Walikale wakati wa mvua, anajua mambo yanavyokwenda gari linapozama ndani ya matope. Muda si mrefu vijana wanatokea na majembe. Hujui wametoka wapi, lakini wako pale. Wanachimba, wanasukuma, mnapatana bei, na mama mmoja anafika na ndizi za kuchoma. Hata ukilala njiani siku tatu, unalala kati ya watu. Na pale ambapo dereva wa kwetu anaogopa, anaogopa watu: wenye silaha, vizuizi, giza la usiku.

Sasa fikiria barabara nyingine. Gari limezama kwenye mchanga, umezima moto, umeshuka, na hakuna anayekuja. Leo hakuna, kesho pia hakuna. Nyuma ya kilima hakuna kijiji, kuna kilima kingine. Simu haishiki mtandao. Saa nne za asubuhi jua limekwisha kuwa kali, na wewe uko peke yako.

Ndivyo ilivyo katika sehemu ya ndani ya Australia, ile ambayo wenyeji wanaita Outback. Jambo hili linatuhusu. Familia nyingi za mashariki mwa Congo zina ndugu waliopokelewa nchini humo, wengi wao wakiwa wamepitia kwanza kambi za wakimbizi za Tanzania, Uganda ao Burundi. Miji kama Shepparton, katika jimbo la Victoria, na Mount Gambier, katika Australia Kusini, ina Wakongomani wanaozungumza Kiswahili nyumbani. Wengine kazi inawapeleka mbali zaidi, kwenye mashamba makubwa ao kwenye machimbo ya dhahabu na chuma. Wengine wanataka tu kuona nchi waliyoipata.

Mtu aliyejifunza kuendesha kwenye barabara za Kivu si dereva mbaya, mara nyingi anawashinda wengi. Hatari yake ni desturi moja anayotoka nayo nyumbani: ukikwama na msaada usipokuja, unatembea mpaka kijiji kinachofuata. Kwetu desturi hiyo inaokoa. Kule inaua.

Nchi kubwa, watu wachache

Australia ina eneo la kilomita za mraba karibu milioni 7.7. Hiyo ni zaidi ya mara tatu ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo. Lakini wakaaji wake ni karibu milioni 27 tu, wakati sisi tunapita milioni 100. Tena karibu wote wanaishi kandokando ya bahari. Ndani ni nchi tambarare, mchanga mwekundu, mawe, na mashamba ya ng'ombe ambayo moja peke yake linaweza kupita kilomita za mraba 10,000. Nyumba ya jirani inaweza kuwa mwendo wa saa mbili kwa gari.

Barabara kubwa ya katikati, Stuart Highway, inatoka Port Augusta upande wa kusini mpaka Darwin upande wa kaskazini, zaidi ya kilomita 2,700, yote lami. Ukikwama pale, gari lingine litapita. Shida inaanza ukiacha lami. Birdsville Track ina kilomita 517, kupita mbali umbali wa Goma mpaka Beni, na katikati yake kuna mahali pamoja tu pa kununua mafuta, Mungerannie. Great Central Road inapita kilomita 1,100. Canning Stock Route, njia ya zamani ya kupitisha ng'ombe iliyopimwa mwaka 1906, ina karibu kilomita 1,850 za mchanga na vilima.

Kisha kuna joto. Kunako tarehe 2 Januari 1960, mji mdogo wa Oodnadatta ulipima nyuzi 50.7 kivulini. Mwezi Januari 2022, mji wa Onslow, upande wa magharibi, ulifika kipimo hicho hicho. Majira ya kule yamegeuka: kiangazi chao cha moto ni Desemba mpaka Februari, wakati wa Noeli na Mwaka Mpya, ndiyo wakati watu wana likizo na hamu ya kusafiri. Hifadhi ya jangwa la Simpson katika Australia Kusini inafungwa kabisa toka tarehe 1 Desemba mpaka 15 Machi kwa sababu ya joto hilo. Wakati mzuri wa kwenda jangwani ni Mei mpaka Septemba, na hapo ubebe blanketi, kwani usiku baridi inaweza kushuka chini ya sifuri.

Waliotembea na waliobaki

Siku chache kabla ya Noeli ya mwaka 1963, familia ya watu watano, wahamiaji waliotoka Uingereza, baba, mama na vijana watatu, iliondoka Marree kuelekea Birdsville. Walipotea njia, esanse ikawaishia. Waliacha karatasi kwenye gari kueleza shida yao, kisha wakaondoka kwa miguu kutafuta maji. Wote watano walikufa. Hakuna aliyekuwa akiwangojea mbele, kwa hiyo siku zilipita kabla ya mtu kujua kwamba wamepotea.

Mwezi Desemba 1998, gari la watalii wawili kutoka Austria lilikwama kwenye mchanga karibu na Lake Eyre. Mwanamke aliamua kutembea mpaka William Creek, umbali wa kilomita zaidi ya 60. Mwenzake alirudi kwenye gari na kungoja. Mwanamke alikutwa amekufa njiani. Aliyebaki kwenye gari aliokolewa akiwa mzima.

Mwishoni mwa mwaka 2019, wakati kila mtu tayari ana simu mfukoni, watu watatu walikwama ndani ya mto mkavu wa Finke, kusini mwa Alice Springs. Baada ya siku kadhaa, wawili waliondoka kwa miguu, mmoja akabaki karibu na kidimbwi cha maji kilichokuwa jirani na gari. Aliyebaki alionekana wa kwanza, na alikuwa hai. Katika wale wawili, mmoja alikutwa hai baada ya karibu wiki mbili porini, mwingine alikuwa amefariki.

Hesabu yenyewe ni rahisi. Mtu anayetembea kwenye joto la nyuzi 40 na zaidi anaweza kutoa lita moja ya jasho kila saa. Kilomita 60 kwa miguu, kwa mwendo wa kilomita 4 kwa saa, ni saa 15. Kwa hiyo utahitaji lita 15 za maji, karibu bidoni nzima ya njano ile ya lita 20, na utaibeba wewe mwenyewe juani. Hakuna anayeweza. Isitoshe, wanaotafuta wanatafuta kwa ndege. Toka juu gari linaonekana, bati na vioo vinang'aa. Mtu chini ya kichaka haonekani.

Kabla ya kuondoka: mtu mmoja ajue

Ulinzi wa kwanza haununuliwi. Ni mtu anayejua unakwenda wapi. Kabla ya kuacha lami, mwandikie mtu mmoja unayemwamini: njia utakayopita, mahali utakapolala, rangi na namba ya gari, kiasi cha maji ulichobeba, na siku na saa utakayopiga simu. Kisha andika jambo ambalo wengi wanasahau: saa ambayo, usipopiga, yeye ataita polisi. Bila saa hiyo, mtu atasema "labda amechelewa tu", na siku mbili zitapita. Na ukifika, piga simu kweli. Usipopiga, watu wataanza kukutafuta bure.

Inafaa mtu huyo awe ndani ya Australia. Namba ya msaada ya huko, 000, haiitiki mtu akiipiga kutoka Congo, na saa zinatofautiana: saa kumi na mbili za jioni kunako Alice Springs ni saa nne na nusu za asubuhi kunako Bukavu. Lakini ndugu wa nyumbani wasiachwe gizani. Wape jina na namba ya simu ya yule anayekungojea, ili wajue wa kuuliza.

Uliza pia hali ya barabara, kwa polisi wa eneo ao kwenye kituo cha mafuta cha mwisho. Mvua ya siku moja inageuza udongo wa kule kuwa utelezi unaokamata gari kwa wiki nzima. Kibao kikisema barabara imefungwa, kimefungwa kwa kila mtu, na faini ni kali. Sehemu kubwa ya ardhi ya ndani ni mali ya wenyeji wa asili, Waaborigino, wanaoishi huko kwa zaidi ya miaka 50,000. Njia kadhaa, pamoja na Great Central Road, zinaomba kibali kabla ya kupita. Kiombe mapema.

Maji, mafuta na mipira

Maji: beba lita 10 kwa mtu kwa kila siku ya safari, kisha ongeza ya siku kadhaa za akiba ambayo huigusi. Usiyaweke yote katika chombo kimoja. Yagawe katika bidoni ndogo tatu ao nne, kwani bidoni moja ikipasuka kwa kurukaruka, zingine zinabaki. Na usinywe kamwe maji ya rejeta ya gari. Yamechanganywa na dawa ya kupoza injini, ni sumu.

Mafuta: jaza tanki kwenye kila kituo, hata kama bado nusu. Katika mchanga gari linakula zaidi sana kuliko kwenye lami, kwa hiyo usifanye hesabu ya jijini. Bidoni za akiba ziwe za chuma ao za plastiki iliyotengenezwa kwa kazi hiyo, na zisikae ndani pamoja na dereva.

Mipira: gari moja, mipira miwili ya akiba, pamoja na vifaa vya kuziba na pampu ndogo inayotumia umeme wa gari. Pampu hii ina kazi ya pili. Ukiingia kwenye mchanga laini, toa upepo mpaka kipimo cha 18 hivi badala ya 35 ao 40 za lami. Mpira unakuwa mpana na gari linaelea juu ya mchanga badala ya kuchimba. Nenda polepole, kwani mpira wenye upepo kidogo unaweza kutoka kwenye rimu, na ujaze tena upepo kabla ya kurudi kwenye lami. Wengi wanaokwama wanakwama kwa sababu tu hawakutoa upepo mapema.

Ongeza koleo, mbao za plastiki za kuweka chini ya magurudumu, jeki na ubao wa kuikalisha juu ya mchanga, tochi, kiberiti, turubai, chakula kisichohitaji kupikwa, na bandeji ndefu za kukaza. Bandeji hizo ni kwa ajili ya nyoka. Nyoka wa Australia akikuuma, usichanje, usioshe jeraha, na jiwe nyeusi tunalolitumia kwetu liache mfukoni. Funga bandeji mguu mzima ao mkono mzima, ifunge kwa kukaza, tulia bila kutembea, na ita msaada.

Peke yako maana yake nini

Wasafiri wazoefu wa kule wanapenda kwenda magari mawili ao zaidi. Lakini kazi ao dharura inaweza kukulazimisha kwenda peke yako. Hapo ujue unachokosa. Huna msaidizi wa dereva wa kushuka na kukuonyesha mahali magurudumu yatapita. Huna wa kusukuma. Huna wa kushika usukani ukisinzia. Kwa hiyo mahali ambapo watu wawili wangejaribu, wewe geuka urudi.

Mbele ya mchanga ao bonde lenye maji, simama, shuka, lipime kwa miguu kwanza. Maji yanayokwenda kwa nguvu usiyaingie hata kidogo. Magurudumu yakianza kuzunguka bure, acha kukanyaga mafuta mara moja. Kila sekunde ya kulazimisha inakuzika zaidi. Pumzika kila saa mbili. Usiendeshe alfajiri, magharibi wala usiku: ndiyo saa za kangaruu, na ng'ombe wanalala barabarani kwa sababu mashamba mengi hayana ua. Ukikutana na yale malori marefu yanayovuta trela tatu, yanayoweza kufika mita 53, toka pembeni, simama, ungoje vumbi lishuke. Usijaribu kulipita lori ndani ya vumbi usiloona mwisho wake.

Na jambo moja linatuhusu sisi hasa. Australia wanapita kushoto. Ijapo magari mengi ya Goma na Bukavu yana usukani kuume, mkono wetu wa barabara ni kuume. Katika mji wenye magari mengi utakumbuka. Baada ya saa nne peke yako kwenye njia isiyo na alama, mwili unarudi kwenye desturi yake ya zamani, na gari la kwanza utakalokutana nalo liko mbele yako uso kwa uso. Bandika karatasi kwenye dashibodi: KUSHOTO.

Simu ya kawaida haitoshi

Makampuni ya simu ya kule yanawafikia karibu wakaaji wote, lakini si karibu ardhi yote. Ukiacha mji, mtandao unakufa. Kifaa kinachoaminika ni kile kidogo cha kuomba msaada kwa setilaiti, kinachoenea mfukoni na kinachotumia mawimbi ya 406 MHz. Ukikibonyeza, ishara inapanda angani na kufika kwenye kituo cha uokoaji mjini Canberra, pamoja na mahali ulipo. Hakilipiwi kila mwezi. Unakiandikisha bure kwa AMSA, shirika la serikali la usalama wa baharini, na katika kuandikisha unaweka namba za simu za ndugu watakaopigiwa. Kibonyeze tu maisha yakiwa hatarini.

Simu za setilaiti zipo pia, na baadhi ya simu mpya za mkononi zinaweza kutuma ujumbe wa dharura kwa setilaiti. Ndani ya gari, redio ya UHF inasaidia kwa kilomita chache: madereva wa malori wanasikiliza chaneli 40, na chaneli 5 na 35 zimewekwa kwa dharura.

Ukipata mtandao, piga 000. Kwa simu ya mkononi, 112 pia inafanya kazi. Asiyejua Kiingereza asiogope kupiga. Atamke kwanza neno moja, Police ao Ambulance, kisha aseme Swahili na abaki kwenye simu. Atatafutiwa mkalimani. Mgonjwa aliye mbali anaweza kufuatwa na madaktari wa Royal Flying Doctor Service, walioanza kuruka kunako mwaka 1928 toka mji wa Cloncurry ili mtu asife kwa sababu tu anaishi mbali.

Ikishatokea

Gari limekwama ao limekufa, na umejaribu yote. Zima, shuka, tulia. Fungua boneti na uiache wazi, kule ni alama ya mtu mwenye shida. Funga turubai ubavuni mwa gari ukae kwenye kivuli chake, si ndani ya gari, kwani ndani ni tanuru. Chimba mchanga wa juu kidogo, chini yake ni baridi zaidi. Vaa nguo ndefu na kofia. Usifanye kazi ya nguvu mchana. Kuchimba gari ni kazi ya alfajiri na usiku.

Kunywa maji unaposikia kiu. Watu wamekutwa wamekufa na maji kwenye chupa, waliyokuwa wakiyabania. Jambo la kubania ni jasho, kwa kukaa kivulini na kutulia.

Jitengenezee alama. Andika SOS chini kwa herufi kubwa, kwa mawe ao kwa kuburuta mguu. Kioo cha gari kinarudisha jua mpaka mbali, kielekeze kwa ndege ukisikia mlio wake. Andaa majani makavu ya kuwasha moto, mbali na gari. Mpira wa akiba uliotolewa upepo, ukiwaka, unatoa moshi mweusi unaoonekana mbali sana. Usiku, taa za gari.

Kisha ngoja. Hii ndiyo sehemu ngumu, kwani mtu wa kwetu hakuzoea kukaa bila kufanya kitu wakati shida imemfika. Siku ya pili moyo utakuambia kwamba barabara kubwa iko karibu, ukitembea usiku utafika. Waliokufa nao waliambiwa hivyo na mioyo yao. Gari ni kivuli chako, ghala yako ya maji, na alama yako kwa wanaokutafuta. Kama ulimwachia mtu njia yako na saa yako, wako njiani.

Kwa hiyo wewe msomaji uliye Goma, Uvira, Butembo ao Kalemie, siku mtoto wako atakapokuandikia kwa WhatsApp kwamba kesho anaingia jangwani kwa gari lake, usimalizie kwa kumtakia safari njema tu. Muulize maswali mawili na ungoje majibu: nani huko anajua njia utakayopita, na ni saa ngapi ataanza kukutafuta?